Zege halilali: siku moja na karai kichwani

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kutafuta viatu natafuta ngata. Yangu ni shati kuukuu nililolisokota nikalifunga duara. Ikiwa nyembamba, utosi unawaka moto kabla ya saa 4. Ikiwa nene mno, mzigo unayumba.

Saa 12. Maji ya nyumbani kwanza, ndoo ya lita 20. Naelesha tawi la majani juu yake ili yasichezecheze yakanimwagikia. Ndoo ikishatulia kichwani haina neno. Kasheshe ni kujitwika peke yangu: naiweka kwanza juu ya ukuta mfupi, nachuchumaa, naipokea.

Saa 2. Mimi ni saidia fundi, na leo tunamwaga zege la ghorofa ya kwanza. Zege halilali, kwa hiyo mashine ikianza kuzunguka hakuna kupumua. Tunajipanga mstari. Anayejaza anasema “haya, dada”, nakunja magoti, mgongo wima, tunanyanyua pamoja. Hapo ndipo watu wanapoumia, si njiani. Anayekutwika akiachia wakati umegeuza shingo, jioni hutaweza hata kuvaa nguo.

Ngazi haitazamwi. Macho mbele, unyayo ndio unaopapasa kipandio. Zege linatikisika kila hatua, maji yake yanachuruzika shavuni, na saruji inachoma kweli. Kule juu mwingine anapokea, natua, nateremka mbio na karai tupu.

Saa 7. Mashine imezimwa kwa muda, vijana wanabishana: kichwa au bega? Nikawaambia niliyowahi kusoma, kwamba mwaka 1986 watafiti waliwapima wanawake wa Kiluo na Kikuyu nchini Kenya, wakakuta wanabeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada, Waluo kichwani, Wakikuyu mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Mmoja akacheka, akaniuliza nina kilo ngapi. Sitini. Basi kilo 12 ni za bure, akasema, na karai letu halipungui 20, zilizobaki unazilipa mwenyewe. Sikuwa na jibu. Watafiti wengine waliopima miaka ya baadaye, huko Afrika Kusini, nafuu hiyo hawakuiona, ila maumivu ya shingo waliyakuta. Hilo sikuwaambia.

Saa 9. Karai limejazwa upande. Nimelihisi linavuta kushoto nikiwa katikati ya ngazi, nikanyoosha mkono, nikachelewa. Nusu imeishia begani mwangu. Fundi amepiga kelele, nami nimempigia kelele aliyejaza, ambaye naye amemlaumu mwenye koleo.

Saa 11 jioni. Tumemaliza. Nanawa, nakung'uta ngata. Saruji imeifanya ngumu kama gamba.

Saa 12. Niko njiani, kichwani sina kitu. Jirani ananiita kwa nyuma, nageuka mwili mzima, polepole, shingo imesimama palepale.

“Dada, umebeba nini?”