Kucheua kabla ya kughani

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Neno la juma hili ni Zaburi 1:2, kuhusu mtu ambaye sheria ya Bwana "huitafakari mchana na usiku". Kwa Kiebrania kitenzi hicho ni *hagah*, na kina sauti ndani yake: Isaya anakitumia kwa hua anayelia na kwa simba anayeunguruma juu ya windo lake. Basi anayetafakari hakai kimya kama tunavyodhani. Ananong'ona, anarudia, midomo inacheza.

Nimelikumbuka kwa ajili ya binti mmoja wa jumuiya yetu. Siku ya mtakatifu somo wetu ataghani shairi lake la kwanza, mbele ya paroko na wageni. Juzi alikuja kuniambia, "Shikamoo mwalimu, naomba apangwe mtu mwingine."

Nikamsimulia habari za Caedmon, mchunga ng'ombe wa monasteri ya Whitby, kaskazini mwa Uingereza, enzi za mkuu wake, Mama Abesi Hilda, kati ya mwaka 657 na 680. Aliyetuandikia habari zake ni mmonaki Bede, katika kitabu alichokimaliza mwaka 731. Caedmon alikuwa mtu mzima tayari, na hakujua wimbo hata mmoja. Kwenye karamu kinubi kilizungushwa mezani, kila mtu aimbe zamu yake. Yeye akikiona kinasogea, anaacha chakula, anainuka, anakwenda zake. (Tunawajua wanaotoka nje kupokea simu isiyoita pale mchango unapokaribia kiti chao.)

Usiku mmoja alitoka hivyo hivyo, akaenda kulala zizini, kwani zamu ya kulinda mifugo ilikuwa yake. Ndotoni mtu akamwita kwa jina: Caedmon, niimbie. Akajibu kwamba hajui kuimba, na ndiyo sababu ameondoka karamuni. Yule mtu hakubishana naye. Hata hivyo utaniimbia, akasema, imba mwanzo wa viumbe. Akaimba beti ambazo hakuwahi kuzisikia popote.

Wengi wetu husimulia mpaka hapo, tukasema muujiza, basi. Mimi napenda zaidi yaliyofuata. Kulipokucha alikuwa bado anazikumbuka beti zile, akaongeza nyingine. Msimamizi wake akampeleka kwa Mama Abesi, na hapo ndipo alipoimba kwa mara ya kwanza mbele ya watu, tena wasomi watupu. Hawakukimbilia kumpigia vigelegele. Walimsomea habari ya Maandiko, wakamwambia akaigeuze iwe wimbo. Akaondoka nayo, akarudi asubuhi ikiwa imekamilika. Ndipo akapokewa monasterini na kufundishwa historia nzima ya wokovu. Bede anasema kila alichofundishwa alikitafuna upya kama mnyama safi anayecheua, hadi kikawa wimbo mtamu, na walimu wake wakageuka kuwa wasikilizaji wake. Anayejua Walawi 11, panapotajwa wanyama safi wanaocheua, ataelewa, na aliyewahi kulala karibu na zizi ataelewa zaidi: ile sauti ya taya usiku, polepole, na majani yaliliwa tangu mchana.

Mimi mwenyewe nilipokuwa kidato cha pili nilisimamishwa mbele ya shule nikiwa na shairi lililotungwa na mwalimu. Nilikuwa nimelimeza Jumamosi nzima. Ubeti wa tatu ukanipotea, nikabaki natazama viatu vyangu. Mpaka leo tunawafanyia hivyo watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani, kisha tunawapigia makofi ya huruma.

Binti alisikiliza, akatoa daftari. Ametunga mwenyewe, kwa mizani kumi na sita kila mstari, nane kila kipande, vina vya kati na vya mwisho. Tukasoma pamoja, kila mmoja akihesabu kwa vidole:

*Baba umeniinua, kutoka kule shimoni,*
*Leo naiona njia, napita kwa amani.*

Kipande cha mwisho kina mizani saba. Dawa yake niliiona papo hapo, ni silabi moja tu, na ulimi ulikuwa unaniwasha. Nikamwambia mstari wa pili unachechemea, nikamrudishia daftari lake.

Akafika mlangoni, akasimama kuvaa ndala. Midomo ilikuwa inacheza, na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinagusa kidole gumba, kimoja kimoja.