Miezi niliyoachiwa niichague mwenyewe

Hapa Marekani, mwaka wa nne wa masomo ya udaktari ndio ambao mwanafunzi huachiwa achague mwenyewe sehemu kubwa ya atakachojifunza. Nami, ninayesoma Kentucky na ninayekusudia ubingwa wa tiba ya familia, yaani udaktari wa kuwatibu watu wa rika zote, niliifikiria miezi hiyo kwa muda mrefu kabla ya kuijaza kwenye fomu. Wengi walinishauri nianze na chumba cha wagonjwa mahututi na magonjwa ya moyo. Sikuona hivyo. Ubingwa wetu huchukua miaka 3, na katika miaka hiyo wagonjwa wa wodini, wajawazito na watoto watanifikia nitake nisitake, ilhali ngozi, macho na maungio hupewa muda mfupi sana, ingawa malalamiko ya namna hiyo huingia kliniki kila asubuhi.

Mwezi mmoja tu sikuwa na hiari nao. Kwa kuwa programu za ubingwa huanza kuyasoma maombi mwishoni mwa Septemba, kliniki ya tiba ya familia niliiweka Julai, ili daktari aliyeniona nikifanya kazi apate nafasi ya kuniandikia barua ya kunipendekeza bila kuharakishwa.

Agosti niliipa ngozi, na sijutii hata siku moja. Mafunzo yetu ya darasani yaliueleza uvimbe wa ngozi kwa wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi uvimbe huohuo huweza kuonekana wa zambarau, wa kijivu, au mweusi kuliko ngozi iliyo jirani, na daktari anayesubiri wekundu huchelewa. Aliyenisimamia alinizoesha kupapasa, kusikiliza joto la ngozi kwa mgongo wa kiganja na kulinganisha upande mmoja na mwingine. Aliletwa mtoto ambaye pumu yake ya ngozi ilikuwa imeandikwa kwamba ni nyepesi. Mama yake, aliyetoka Kongo, alinieleza kwa Kiswahili kwamba mtoto hajalala usiku mzima kwa wiki nyingi. Nilipogusa magoti yake kwa nyuma, ngozi ilikuwa ngumu na nene kama ya kisigino. Hilo sikulisoma popote.

Macho na maungio niliyapa majuma mawili mawili, yakanitosha kujua kwamba jicho jekundu lenye maumivu makali na uoni uliofifia halingoji kesho, na kujifunza mahali pa kuingizia sindano ya goti.

Tiba shufaa, yaani matunzo ya kuwapunguzia maumivu na mateso wagonjwa wenye maradhi mazito, ndiyo iliyonibadilisha. Watoto wa mzee mmoja aliyekuwa na saratani walituomba tusimwambie lolote, na mimi, niliyekulia katika nyumba ambamo habari kama hizo hupitia kwanza kwa wakubwa, niliwaelewa mara moja, lakini nilijua pia kwamba mgonjwa ana haki ya kuujua ugonjwa wake. Daktari hakubishana nao. Kupitia mkalimani alimuuliza mzee mwenyewe: ungependa kujua kiasi gani, na ungependa tuzungumze na nani? Mzee akajibu kwamba binti yake mkubwa aambiwe yote, na yeye aambiwe tu kama atarudi kula nyumbani kwake. Nadhani swali lile linapaswa kufundishwa kwa kila mwanafunzi, hata anayekwenda kwenye upasuaji.

Ijumaa ya tatu ya Machi tutajua tumepangiwa wapi kusomea ubingwa. Aprili nimeiacha kwa ajili ya kusoma eksirei za kifua na vipimo vya umeme wa moyo, asubuhi hadi jioni, pembeni ya mtu anayezisoma kila siku, kwa sababu Julai, nikishaanza ubingwa, usiku wa zamu yangu ya kwanza, muuguzi atanishikisha karatasi ya kipimo cha moyo na kungoja nimwambie tufanye nini.