Mbegu za nyanya kwenye skana ya steshenari

Mama mdogo ana bustani ya nyanya Luchelele, pale pale pembeni ya ziwa, na msimu uliopita alisia pakti nzima ya mbegu halafu kitaluni ikaota kama nusu hivi. Hela ya mbegu, mafuta ya pampu, wiki mbili, vyote vimeenda. Iliniuma sana maana mbegu zenyewe ukizitazama kwa macho zilikuwa nzuri tu.

Zilizobaki nikaamua kuzipiga picha. Sio kwa simu, simu inaleta kivuli na rangi inabadilika badilika, nilienda steshenari moja Nyegezi nikaomba skana. Nikapanga mbegu 100 kwenye kioo, kumi kwa kumi zisigusane, juu nikafunika kitambaa cheusi, dpi 600, yaani vinukta 600 kwa kila inchi. Hapo kinukta kimoja cha picha ni kama milimita 0.04, kwa hiyo mbegu ya milimita 3 inapata vinukta 70 hivi, inapimika vizuri kabisa. Nyumbani nikafungua ImageJ, programu ya bure, ukishaitenganishia mbegu na ule weusi inakuhesabia na kukupa ukubwa na umbo la kila moja.

Sasa sikilizeni, ukishapima usizichanganye!! Nilizihamisha moja moja kwenye tishu yenye maji ndani ya kontena, mpangilio uleule, mstari wa tatu mbegu ya saba inabaki palepale. Nikahesabu siku ya 5 na siku ya 14, ndo siku ambazo ISTA, chama cha kimataifa cha upimaji wa mbegu, wameweka kwa nyanya (wao wanapima mbegu 400), halafu nikarudi kwenye picha kuangalia zilizogoma zilikuwaje.

Vidogo na vyembamba vingi viligoma, hilo nilitegemea. Ila kulikuwa na nene, zimejaa, zinapendeza, nazo kimya. Skana inaona ganda tu. X-ray ingeonyesha kiini cha ndani kama kimejaa, lakini mbegu iliyochoshwa na joto na unyevu hata huko inaweza kuonekana nzima, na duka la mbegu lililoezekwa bati hapa Mwanza mchana joto lake mnalijua.

Kwa hiyo mimi picha naitumia kuchambua, ila kusia tunasubiri tishu. Mama mdogo sasa ana kontena lake dirishani, jana kanipigia, "mwanangu, siku ya tano leo, zimetoka 83, nisie?" Nikamwambia sia mama.