Bonanza la pikoboli la hisani Mtwara: kiwanja, ratiba na hesabu ya pesa

Anayelipa kiingilio cha bonanza la hisani ameshatoa mchango wake kabla hajashika kibao. Ana haki mbili tu: acheze vya kutosha, na pesa yake ifike yote ilikoahidiwa. Haki hizo zikipotea, mara nyingi tatizo liko kwenye ratiba na bajeti, hata kama waandaaji wana nia njema kabisa. Yafuatayo ni ya kumsaidia anayetaka kuandaa, au kushiriki, bonanza la pikoboli Mtwara au Lindi kwa vifaa vinavyopatikana huku kwetu.

Kwa asiyeujua, mchezo huu ulibuniwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani, na Joel Pritchard, Bill Bell na Barney McCallum. Kwa kawaida huchezwa wawili kwa wawili, kwa kibao kigumu kisicho na nyuzi na mpira mwepesi wa plastiki wenye matundu. Kiwanja ni kidogo, kwa hiyo mtu mzima wa miaka 60 anaweza kusimama upande mmoja na kijana wa sekondari na wote wakafurahia. Kwa kuchangisha, hiyo ni faida kubwa: unaweza kualika karibu kila mtu.

Anza na ratiba, kwa sababu ndiyo inayoamua uhitaji viwanja vingapi. Ukiwa na jozi 16 na ukachagua mtoano, mechi ni 15 tu, na jozi 8 zinaondoka baada ya mchezo mmoja wa dakika 15 hadi 20. Mtu ametoka Mikindani, amelipa, na saa mbili asubuhi ameshamaliza. Mwakani hatarudi. Gawa makundi manne ya jozi nne nne. Kila kundi lina mechi 6, jumla 24, na kila jozi ina uhakika wa michezo mitatu. Kwa viwanja vitatu hizo ni zamu nane. Ukihesabu dakika 20 kwa zamu, hatua ya makundi inachukua saa mbili na dakika 40. Filimbi ya kwanza ikilia saa 1:00 asubuhi, makundi yanaisha saa 3:40. Washindi wa makundi waende moja kwa moja nusu fainali saa 4:00, kisha fainali ya michezo miwili kati ya mitatu, na saa 5 na nusu watu wako kivulini. Robo fainali haina maana hapa, inakusukuma kwenye jua kali bila sababu. Jozi zikilingana kwa ushindi, tazama nani alimfunga mwenzake. Zikiwa tatu, tofauti ya pointi. Liandike hilo kwenye karatasi ya ratiba kabla mechi ya kwanza haijaanza, maana likitangazwa baadaye litaonekana limetungwa kumbeba mtu.

Kiwanja chenyewe ni mita 6.10 kwa 13.41. Kila upande wa wavu kuna eneo la mita 2.13 ambalo wachezaji huliita jikoni, na nyuma yake mstari wa katikati wa mita 4.57 unaogawa vyumba viwili vya kuanzishia. Vipimo hupimwa hadi ukingo wa nje wa mstari, na mstari una upana wa sentimita 5. Kuhakikisha pembe zimenyooka, pima mshazari: kona hadi kona lazima upate mita 14.73 pande zote mbili. Ukipata tofauti, kiwanja kimepinda. Mistari yote inakula kama mita 60 za tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi. Nunua za mita 70 kwa kila kiwanja, na ibandue siku hiyo hiyo, kwa sababu ikipigwa na jua kwa siku kadhaa gundi hubaki sakafuni.

Sakafu lazima iwe ya saruji au lami laini. Mchanga wetu wa pwani haufai hata ukishindiliwa, mpira haudundi. Wengi watakimbilia kiwanja cha mpira wa kikapu cha shule au chuo, na hapo kuna mtego. Kiwanja cha kikapu ni mita 28 kwa 15. Viwanja vitatu vya pikoboli vinaingia vikilazwa kukata upana wake, lakini mchezaji anabaki na sentimita 80 tu nyuma ya mstari wa mwisho. Eneo la kuchezea linatakiwa kuwa angalau mita 9.14 kwa 18.29, kwa hiyo tafuta mahali ambapo sehemu ngumu inaendelea mita 1.6 zaidi kila upande. Ukikosa, weka kiwanja kimoja katikati kwa urefu na upunguze idadi ya jozi. Ukingo wa saruji unaokatika kwenye mchanga ndio unaovunja watu viwiko: mpira unapita juu ya kichwa, mtu anarudi kinyumenyume, kisigino kinakosa sakafu. Wafundishe wote kugeuka na kukimbia kwa upande, wasirudi nyuma huku wanatazama juu.

Ikiwezekana urefu wa kiwanja uelekee kaskazini na kusini, jua la asubuhi lisimpige mtu usoni. Isipowezekana, badilisheni pande jozi ya kwanza inapofikisha pointi 6.

Wavu una kimo cha sentimita 91.4 pembeni na 86.4 katikati. Usiazime wavu wa voliboli: macho yake yana sentimita 10, na mpira wa pikoboli una kipenyo cha sentimita 7.4 hivi, utapita katikati na mtabishana. Hapa kwetu suluhisho liko kwa wavuvi. Kipande cha wavu wa uvuvi wenye macho madogo, urefu wa mita 6.7, ukishonewa utepe mweupe wa turubai juu, kinafanya kazi vizuri kabisa. Nguzo ni bomba la chuma lililosimamishwa ndani ya tairi kuukuu lililojazwa zege. Kamba ya juu hulegea kadiri mchezo unavyokwenda, kwa hiyo kata fito mbili, moja ya 91.4 na nyingine ya 86.4, upime kila baada ya mechi tatu nne.

Kwa viwanja vitatu, watu 12 tu ndio wanaocheza kwa wakati mmoja. Vibao 16 vya pamoja vinatosha, vinne vikiwa vya akiba. Kama vya dukani havijafika kutoka Dar es Salaam, nenda kwa fundi seremala. Vibao vikubwa vya kwanza vya mchezo huu McCallum alivikata kwenye plaiwudi. Tumia plaiwudi ya milimita 9, urefu wa kibao sentimita 40 na upana 20. Sheria inataka urefu na upana vikijumlishwa visizidi sentimita 61, na urefu peke yake usizidi 43.2. Mpini uwe wa sentimita 12 au 13, uongezewe vipande viwili vya mbao, upigwe msasa na kufungwa utepe. Kibao cha namna hii huzidi gramu 300 wakati cha kiwandani kina kama 210 hadi 240, kwa hiyo usichanganye: wote watumie vya mbao, au wote vya kiwandani.

Mpira wa nje ndio wenye matundu 40. Wa ndani una matundu 26 makubwa zaidi na upepo unaucheza. Nunua dazani moja. Usiiache ndani ya gari, joto huilainisha na kuifanya kuwa yai. Kabla ya kila mechi zungusha mpira mkononi utafute ufa karibu na matundu. Wenye ufa hutoa sauti butu.

Kwenye sheria, mambo matatu huwatatiza wageni. La kwanza ni kuanzisha: mkono unatoka chini kwenda juu, mpira unapigwa chini ya kiuno, kwa mshazari, na lazima uvuke jikoni. Ukigusa mstari wa jikoni ni kosa. Mistari mingine yote ni ndani. La pili, mpira ulioanzishwa lazima udunde upande wa mpokeaji, na ule wa kurudishwa udunde upande wa mwanzishaji. Baada ya hapo ndipo ruhusa ya kupiga hewani. La tatu ni jikoni penyewe. Huruhusiwi kupiga mpira hewani ukiwa umekanyaga humo au mstari wake, na hata ukipiga ukiwa nje kisha mwendo ukakuingiza ndani, ni kosa. Mpira ukidunda jikoni, ingia tu.

Pointi hupata upande ulioanzisha peke yake, mchezo unaisha 11 kwa tofauti ya mbili, na kabla ya kuanzisha hutajwa namba tatu: pointi zetu, zenu, na mimi ni mwanzishaji wa kwanza au wa pili. Mchezo huanza “sifuri, sifuri, mbili”, kwa sababu jozi inayotangulia ina mwanzishaji mmoja tu katika zamu ile ya kwanza, si wawili kama zamu zinazofuata. Mabishano mengi huzaliwa hapa, na dawa yake ni ndogo. Katika kila jozi, aliyepangwa kuanzisha kwanza mchezo unapoanza afungwe utepe mkononi. Pointi za jozi yake zikiwa shufwa, yeye awe kulia. Zikiwa witiri, kushoto. Haiko hivyo? Namba au nafasi imekosewa. Mwamuzi awepo kuanzia nusu fainali. Kwenye makundi kila jozi huamua mistari ya upande wake, na penye shaka mpira ni ndani.

Kuhusu tarehe, kusi likivuma katikati ya mwaka mpira huu wa gramu 22 hadi 26 huenda unakotaka upepo. Oktoba na mwanzoni mwa Novemba hewa hutulia, mvua kubwa bado, na minada ya korosho imeanza kuleta pesa. Chagua Jumamosi, lakini si ya mwisho wa mwezi, kwa sababu asubuhi ile ni ya usafi. Ruhusa anza na mtendaji wa kata na Afisa Michezo wa halmashauri, mapema. Mavazi hayana shida: anayecheza kwa suruali pana na hijabu acheze, ilimradi nguo isiwe na rangi ya mpira. Raba ya soli bapa ni lazima. Njumu na ndala hapana. Madafu na maji yawepo tangu saa moja, na barafu ya kukanda kifundo utaipata kwa wauza samaki.

Sasa pesa. Tuseme kiingilio ni shilingi 40,000 kwa jozi: jozi 16 ni 640,000. Tangaza kwamba hiyo yote inakwenda kwa walengwa, kisha gharama za tepu, mipira, maji na mbao zitafutiwe wafadhili kando, ikiwezekana kwa vitu badala ya fedha. Mfadhili asipopatikana, punguza gharama, usiguse kiingilio. Fulana ndizo humeza michango kuliko kitu chochote, na vikombe vinafuata. Karatasi ya shukrani na mfuko wa korosho vinatosha kabisa. Fungua lipa namba au akaunti ya bonanza peke yake, yenye watu wawili wa kuidhinisha, na kumbuka makato ya kutoa. Kama mchango ni wa hospitali au shule ya serikali, omba namba ya malipo ya taasisi husika na ulipe moja kwa moja. Kama ni vifaa, vinunuliwe kwa risiti ya mashine, vikabidhiwe kwa barua yenye mhuri, na picha ya risiti iwekwe kwenye kundi la WhatsApp la washiriki wote ndani ya wiki hiyo hiyo, ikiwa na jumla ya kilichoingia na kilichotoka.