Shokapu za Subaru na Mgongo wa Mama

Mwaka 2017 nilikuwa na gari moja na sikutaka jingine. Subaru Impreza WRX STi la 1998, la buluu, injini ya lita mbili yenye tabo, umbo lile ambalo Wakenya walilizoea tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 na Richard Burns akaja kushinda tena kwa Impreza mwaka 2000. Nililinunua kwa akiba ya kazi yangu ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, Mombasa, nikalipenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote chenye magurudumu.

Shida ilikuwa mgongo wa mama. Daktari alikuwa amemwambia kisahani kimoja kati ya pingili za kiunoni kimetokeza na kinabana mshipa wa fahamu, basi mitikisiko aiepuke. Na gari langu lilikuwa mtikisiko mtupu. Mwenye gari kabla yangu alilishusha kwa springi fupi, na shokapu zake zilikuwa zimeshachoka. Kila tuta la Links Road lilimfikia mama kiunoni. Alikuwa na dada yake Kilifi, mama yangu mdogo, ambaye alizoea kumtembelea kila mara, na safari zile zikakatika. Nikimwambia nitampeleka, hujibu, "Mwanangu, nakushukuru, lakini gari lako lanipiga." Jamaa wote walinishauri niliuze, ninunue Toyota Noah, gari la familia. Nilikuwa nawasikia, na usiku nikilala nalifikiria lile Noah, kisha nalifikiria la kwangu.

Ndipo nikaenda kwa mjomba, mdogo wake mama, aliyekuwa na gereji Changamwe. Nilimweleza nataka shokapu ambazo ugumu wake unabadilishwa kwa kitufe, dereva akiwa kitini pake, ili gari lile lile liwe laini akipanda mama na liwe imara nikiwa peke yangu. Nilidhani itabidi nimfafanulie. Akanikatiza.

"Hiyo ni TEMS. Toyota walikuwa nayo kwenye Soarer tangu 1983. Mark II na Cresta zimekuja hapa nayo. Mota ndogo yakaa juu ya shokapu, yazungusha kijiti ndani, tundu la mafuta lapanuka au lafinyika. Nimezitoa nyingi kwa mikono hii."

Kwa nini alizitoa? Kwa sababu shokapu ikivuja, bei ya nyingine ya aina ile ilikuwa haishikiki. Mwenye gari alifungiwa shokapu za kawaida, nyaya zikafungwa utepe na kusahauliwa pale juu. "Lakini zile zilizaliwa nazo," akasema. "Wewe wataka kulitia gari ambalo halikuzaliwa nazo. Haya, tulete vitu tuone."

Vitu vilipatikana kwa njia mbili. Shokapu zenyewe, koilova (shokapu iliyovikwa springi yake, kimo chake hurekebishwa) za kampuni ya TEIN ya Yokohama, nilizinunua zimeshatumika kwa mtu wa Mtwapa aliyekuwa amevunja gari lake. Zilikuwa zimelala barazani, upande wa mkono wa bahari. Mota niliagiza mpya Japani, pamoja na nyaya na kisanduku cha kuongozea, mfumo ambao TEIN wanauita EDFC. Hapo kuna jambo la kuangalia: uzi wa juu ya fimbo ya shokapu hutofautiana unene kulingana na aina, kama milimita 10 au 12, na seti ya mota lazima iendane nao. Nilipima kwanza, ndipo nikalipa.

Kabla ya kufunga chochote, mjomba alinionyesha kitu ambacho nadhani kila anayetaka kutumia pesa kwa shokapu za umeme angepaswa kuonyeshwa. Alichukua shokapu kuukuu, akaitoboa kidogo gesi itoke, akaikata kwa msumeno. Ndani mna pistoni yenye vitundu, na juu ya vitundu zimepangwa washa, yaani vipete vyembamba vya chuma. Gari likiinama au kuinuka pistoni inasukumwa ndani ya mafuta, na mafuta hayana pa kupita ila kwa vitundu vile. Pistoni ikienda kasi, shinikizo linazipinda washa na mafuta yanapita mengi. Ikienda polepole, washa hazipindiki.

"Sasa hizi zako," akasema, akishika moja ya TEIN, "zina njia ya pili. Fimbo ina uwazi katikati, ndani mna sindano. Sindano ikirudi nyuma, mafuta yanapita kando, hayaendi kwa washa. Ikisogea mbele, njia yazibwa. Mota yako kazi yake ni kuisogeza hii sindano. Ni mkono tu. Wasikia? Kazi yafanywa na mafuta."

Akaendelea na lile ambalo lilinikaa kichwani kuliko yote. Njia ya sindano ni nyembamba. Inafaa pistoni inapokwenda taratibu, yaani gari linapolala upande kwenye kona, linapoinamisha pua wakati wa breki, linapopanda na kushuka kwenye barabara yenye mawimbi. Tairi likitumbukia shimoni, pistoni inaruka kwa kasi kubwa, na hapo njia ya sindano haitoshi. Washa ndizo zinazoamua, na washa hazina kitufe. "Ukiambiwa na mtu kwamba utabonyeza na mashimo ya Mikindani yaishe, huyo akuuzia."

Kufunga kwenyewe nitakupitisha haraka, ila mahali pawili. La kwanza ni springi. Mauntingi za zamani, yaani vishikizi vya juu vya shokapu, tulikuwa tunazitumia tena, kwa hiyo springi zilizobanwa ilibidi zifunguliwe kwa kibanio, na mjomba aliwatoa nje vijana wote wa gereji isipokuwa mmoja. Springi ikiponyoka inaua. Zile zilizokuja na koilova alizikataa pia, kwa sababu yule mtu wa Mtwapa alizitia ngumu za mashindano, na kitufe hakigusi springi. Tulitafuta nyingine laini zaidi zenye kipenyo sawa. Na juu ya urefu wa gari hakutaka mazungumzo. Mimi nililipenda likiwa chini. Yeye alilipandisha mpaka kimo cha kiwandani, akaniambia shokapu inahitaji nafasi ya kufanyia kazi. Gari likishushwa, fimbo inafika haraka kwenye mpira wa kuzuia, na ikishaugonga, hakuna mota duniani itakayokusaidia. Nilikubali kwa shingo upande, na leo magari yangu yote nayaacha kimo chake.

Nyaya za mbele zilipita kwenye tundu la ukuta wa injini, tukazitilia mpira zisikatwe na bati. Za nyuma zilipita chini ya zulia mpaka nyuma ya mgongo wa kiti, ambako vichwa vya shokapu vinaonekana ukishatoa kiti. Kisanduku nilikiweka kando ya usukani. Kina kioo kidogo cha namba: sifuri ndiyo ngumu kabisa, 16 ndiyo laini kabisa, mbele na nyuma kila upande na namba yake.

La pili ndilo lililokula muda wetu. Tulipowasha umeme mara ya kwanza, mota zote nne zilinguruma kidogo. Ndivyo zinavyoanza kazi. Mota hizi huzunguka hatua kwa hatua, na hazina kitu cha kuziambia ziko wapi. Zinajua tu zimepiga hatua ngapi. Kwa hiyo ukiziwasha zinakwenda kwanza mpaka mwisho wa ugumu, zikakwama pale, ndipo zihesabu kurudi nyuma mpaka namba uliyoiweka. Kioo kikaandika 14 mbele na 14 nyuma. Nikafurahi sana. Nilikuwa tayari kumpigia mama simu.

Mjomba hakutazama kioo. Alizunguka gari akibonyeza kila kona kwa kiganja, akiegemeza uzito wake wote, akiachia. Alifika kona ya nyuma kushoto, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Hii si 14."

Nikamwonyesha kioo. Akaniambia niweke mkono. Kweli, kona ile ilirudi juu taratibu, imeshikilia, na ile ya kulia ilirudi kwa urahisi. Kioo kilikuwa kinasema kweli kuhusu hatua ambazo mota iliagizwa, na shokapu ilikuwa haijazifuata. Akaitoa mota, akatia ufunguo wa aleni kwenye skrubu inayoisukuma sindano, akazungusha kwa vidole viwili. Kisha akanipa mimi. Ilikuwa inakwama, inakwenda kwa mikwaruzo. Chumvi. Baraza lile la Mtwapa lilikuwa limepigwa na upepo wa bahari muda mrefu, na chumvi ilikuwa imeingia kwenye nyuzi za skrubu. Mkono wa mtu ungeisukuma tu bila kujua, lakini mota ni dhaifu. Ikikuta kizuizi inaruka hatua na kuendelea kuhesabu kana kwamba imefika.

Tulizitoa zote nne, tukaosha nyuzi kwa mafuta mepesi, tukapuliza kwa hewa ya kompresa, tukazungusha mwanzo mpaka mwisho na kurudi hadi zikawa zinateleza. Kisha tukapaka grisi kidogo juu, na kila mota ikavikwa kofia ya mpira ambayo mjomba aliikata kwenye tyubu ya pikipiki. Tangu siku hiyo nina tabia ya kubonyeza kona za gari kila nikiliosha. Kwa mtu wa Mombasa mwenye mfumo kama huu nasema hivi: usiamini namba peke yake, pwani yetu inakula chuma.

Jioni nilivuka Daraja la Nyali. Kwenye maungio ya daraja niliweka 14, nikasikia gari likiyameza. Nikarudi nikiwa 3, nikayahesabu yote kwa makalio. Kwenye mzunguko niliweka 3 tena, na gari likakaa wima kama lilivyotoka kiwandani, bila kulala. Kisha nikaenda kulitafuta shimo, kwa makusudi, nikapita juu yake kwa 14 na kwa 3. Tofauti ilikuwa ndogo sana. Mjomba alikuwa amesema kweli.

Safari ya Kilifi tuliianza asubuhi mapema, mama mbele, mto mdogo kiunoni. Niliweka 16 kila pembe, laini ya mwisho, nikaenda polepole. Kupita Mtwapa hakusema kitu. Baada ya matuta ya Kikambala nikamwona ameshika mpini wa mlango. Nikamuuliza kama anaumia.

"Siumii. Lakini laniyumbisha. Lishavuka tuta, bado lapanda lashuka. Kila likishuka najikaza."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nimejua laini ni dawa na ngumu ni sumu. Kumbe gari likiwa laini mno, bodi lake linaendelea kuelea baada ya kila wimbi, na mtu mwenye mgongo mbovu anakaza misuli kulisubiri litulie. Kule kujikaza ndiko kunakochosha. Pigo la tuta lenyewe lilikuwa limepunguzwa na springi mpya, kimo cha gari na mwendo wangu.

Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo, barabara ikanyooka. Nikamwambia akabonyeze mwenyewe. Nilimwonyesha kitufe cha kupandisha na cha kushusha, nikamwambia akiona gari linatulia vizuri aache hapo hapo. Alibonyeza mpaka 4, akasema, "Hapa ndipo lilipokuwa linanipiga." Akarudi 9. Akangoja tuvuke matuta. Akaenda 11, akangoja tena. Alikuwa makini kuliko nilivyokuwa mimi Nyali. Alitazama mbele, akiona tuta ananyamaza, likishapita anasubiri gari limalize kucheza ndipo aamue.

"Ya nyuma ishushe moja," akasema. "Huko nyuma ndiko laruka."

Akaishia 10 mbele na 9 nyuma. Mpini wa mlango akauachia. Mikono ikakaa mapajani mpaka tukavuka daraja la Kilifi, na kwa mama mdogo alishuka bila kuniita nimshike.

Nilihifadhi namba zile kwenye kumbukumbu ya kisanduku, kwenye nafasi ya kwanza, kabla ya zangu. Jioni yake nilimpigia mjomba Changamwe kumweleza. Akauliza mgongo wake vipi, kisha akauliza namba. Nilipomtajia akanyamaza kidogo, akasema, "Kumi mbele, tisa nyuma. Mimi ningeweka hizo hizo," na akaniagiza nimpitishie gari Ijumaa azitazame zile kofia za mpira.