Amotisa mbili kwenye makoro ya Goma: namna nilivyochagua baiskeli yangu

Watu waliokuwa na uhakika kabisa juu ya baiskeli niliyopaswa kununua ni wale ambao hawajawahi kupanda hata moja yenye amotisa (shokapu) mbele na nyuma. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, wa Majengo: "Chukua yenye amotisa ndefu kuliko zote, makoro, haya mawe ya lava, hayana huruma." Mwenye duka Birere: "Chukua mpya, ya mkono wa pili hujui ilifanyiwa nini." Binamu yangu aliye Kigali: "Kaboni, kaka, nyepesi." Ningewasikiliza wote watatu ningekuwa na chombo cha dola elfu nne ambacho hakuna fundi wa kukigusa kutoka hapa mpaka Sake.

Nianze na ile mpya ya dukani, maana ndiyo inayokula pesa za watu. Inang'aa, ina chemchemi nene nyekundu katikati ya kadre (fremu), bei dola mia moja na hamsini hivi, mia mbili wakiona una haraka. Itazame hiyo chemchemi kwa karibu: mara nyingi imeandikwa 750, yaani inataka uzito wa pauni 750 ili ibonyee inchi moja, na ndani yake hamna oili ya kuizuia isirudi kwa fujo. Ukigonga jiwe inakurusha. Ukipanda mlima, miguu inafanya kazi ya kuipandisha na kuishusha badala ya kukusogeza. Kadre ni ya chuma, kilo 18 na ushee. Kwa pesa hiyo bora ununue yenye amotisa ya mbele tu, au chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Chukudu angalau haijisingizii.

Sasa urefu wa amotisa. Kwa njia za vilima na mawe, gurudumu linahitaji nafasi ya kupanda na kushuka kati ya milimita 120 na 150. Mimi nilichukua 130 nyuma na 140 mbele. Zile za 160 au 170 ni tamu kwenye mteremko mkali, lakini kila mteremko wa huku unaulipia kwanza kwa kupanda, na baiskeli nzito inayolegea chini yako ukipanda kuelekea Kibati utaichukia kabla ya kufika. Nilikuwa pia na hamu ya Congo Nile Trail, ile njia ya kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi kandokando ya Kivu, na huko unapanda na kushuka kutwa nzima. Magurudumu ni ya inchi 29, bila mjadala: kubwa linavuka mwanya kati ya koro na koro pale ambapo dogo linatumbukia.

Kaboni niliikataa mapema. Si mbovu, ila ikipigwa na jiwe lenye makali inaweza kuchanika ndani bila kuonekana nje, na wa kuitengeneza hapa hayupo. Alumini nayo haitaki mzaha. Kadre ya alumini aina ya 6061 ikipasuka ukaichomelea kando ya barabara, joto linaua ugumu wake, na itapasuka tena sentimita chache pembeni. Kwa hiyo kwenye baiskeli iliyotumika pitisha kitambaa chenye maji halafu kurunzi kwenye kila mshono, hasa chini ya usukani na pale amotisa ya nyuma inapofungwa. Mstari mwembamba kwenye rangi, achana nayo.

Niliyonunua ni ya alumini, ya mkono wa pili, kutoka Kigali. Dola elfu moja na kidogo. Mpya ya daraja hilo ingevuka elfu mbili. Basi mpaka Rubavu, kisha barriere ya mpakani, ushuru na makaratasi mia na kitu. Risiti ya muuzaji uwe nayo mkononi, la sivyo bei ya baiskeli utapangiwa na wengine.

Hapa ndipo ninapojivunia kidogo: nilivyozipima. Kabla ya kuuliza bei soma namba kwenye amotisa ya nyuma. Yangu imeandikwa 210 x 50: urefu kutoka tundu hadi tundu ni milimita 210, na yenyewe inabonyea 50. Gawanya 130 kwa 50 unapata 2.6, yaani amotisa ikibonyea milimita moja, gurudumu linapanda 2.6. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo utakavyohitaji upepo mwingi ndani (amotisa hii inatumia upepo badala ya chemchemi), na ndivyo sili, mipira inayozuia uvujaji, zitakavyoumia. Baiskeli za zamani zina vipimo vilivyotokana na inchi, kama 200 x 57. Vile vya milimita kamili vilianza 2016, na huwezi kufunga hiki mahali pa kile. Kampuni nyingine zinaweka amotisa za umbo lao wenyewe. Hizo niliziruka hata bei ikiwa nzuri, kwa sababu ikifa utamtegemea mtengenezaji mmoja tu duniani.

Kisha mwambie muuzaji unataka kutoa upepo wote. Angalia uso wake. Valvu ni ileile ya gari, unabonyeza katikati kwa ncha ya msumari, polepole, uso wako ukiwa pembeni. Ukishaisha, kaa kwenye kiti uibonyeze mpaka mwisho: tairi lisiguse kadre, na pasisikike mlio wa chuma kwa chuma. Kuwa macho na jambo moja: amotisa iliyonasa chini na haitaki kurudi. Hiyo upepo wake umevuja kwenda chumba cha upande wa pili na umefungiwa humo kwa nguvu nyingi. Usiifungue kamwe, inaweza kukuumiza vibaya. Mrudishie mwenyewe na umtakie siku njema.

Jaza tena, halafu shika kile kitufe cha kuzungusha kinachopanga kasi ya amotisa kurudi, mara nyingi ni chekundu. Kizungushe hadi mwisho wa upande wa polepole, bonyeza kiti kwa nguvu, achia. Nyuma inapaswa kuinuka kwa uvivu, kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Kizungushe upande wa pili, rudia: sasa iruke. Muuzaji wa kwanza alinihakikishia kwamba yake ni "mpya kabisa ndani". Polepole, ikaruka. Haraka, ikaruka vilevile, na ikatoa sauti ya viatu vilivyolowa. Oili ilikwisha kuchanganyika na upepo, kitufe kilikuwa pambo tu. Akasema ni baridi ya asubuhi. Saa saba mchana, Kigali.

Viungo vya nyuma vina hila yao. Watu wanalitikisa gurudumu, wanasikia "tok", wanasema beringi zimekufa. Ngoja. Weka vidole viwili pale amotisa inapoungana na kadre, kwa mkono mwingine inua kiti taratibu bila gurudumu kuachana na ardhi. "Tok" ikisikika chini ya vidole hapo, ni kibushi kidogo cha dola chache, na ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Isiposikika hapo, fungua skrubu ya amotisa na uachie nyuma ya kadre ishuke yenyewe: beringi nzima zinashuka laini, zilizoliwa zinakwaruza kama mchanga. Vumbi la majivu la Goma ni kali kuliko la udongo, kwa hiyo hata nzima zitakwaruza siku moja. Ndiyo maana nilisoma namba zilizoandikwa kwenye beringi kabla ya kulipa: 6000, 6001 na 6902. Mbili za kwanza ni za kawaida kabisa, nilizipata kwa wauza vipuri vya pikipiki na jenereta kwa bei ya sahani ya sambaza, dagaa wa Kivu. 6902 ilinitafutisha kidogo. Omba zenye sili za mpira pande zote mbili, 2RS.

Pampu: ya amotisa ni ya lazima, ndogo, yenye kipimo hadi psi 300 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo). Usipeleke amotisa kwa kwado, mziba tairi wa barabarani. Chumba chake ni kidogo, mashine yake haifiki huko wala haiwezi kupima kidogo kidogo. Anza na psi sawa na uzito wako kwa pauni. Nina kilo 75, basi 165. Ule mlio wa "psss" unapofungua pampu ni upepo wa mpira wa pampu, amotisa haijapoteza kitu. Ukirudisha pampu namba inashuka kwa sababu mpira unajaa upya. Kuna watu wamepampu jioni nzima wakidhani inavuja.

Kisha vaa kama unavyovaa ukisafiri, begi na maji, egemea ukuta, keti bila kurukaruka. Kile kipete cha mpira kwenye bomba la amotisa kisogeze mpaka kiguse sili, shuka taratibu, pima. Kwa amotisa ya 50 nataka milimita 13 hadi 15. Uma wa mbele, ndio wenye amotisa ya mbele, asilimia 20 ya mwendo wake inatosha. Kama kipete hakipo, kata uzi mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli ufunge hapo.

Tairi: upana wa inchi 2.4, yenye mbavu zilizoimarishwa, psi 24 mbele na 27 nyuma, bila mpira wa ndani, mililita 100 za dawa ya kuziba kila moja. Koro halichomi, linachana ubavu, na dawa peke yake haizibi jeraha hilo. Shona kwa nailoni ya wavuvi wa Kituku, gundisha kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, weka mpira wa ndani urudi nyumbani.

Breki nilichagua Shimano, zinatumia mafuta ya madini, na chupa moja inakaa muda mrefu. Zinazotumia DOT, mafuta ya breki za gari, zina faida moja: DOT iko kwa kila muuza vipuri vya gari. Ila usichanganye hata tone, sili zinavimba. Gia ni moja mbele yenye meno 30, kumi na moja nyuma, meno 11 hadi 51, kwenye kitovu cha aina ya zamani ambacho kaseti zake, yaani rundo la gia za nyuma, bado zinapatikana hata kwa fundi wa Rubavu.

Kilichobaki ni sili za uma wa mbele. Kila saa 50 za kuendesha fungua miguu ya chini, safisha, weka oili mpya ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Sili hizo hapa Goma hazipo. Mimi huagiza Nairobi seti mbili kwa mara moja, kwa sababu usafirishaji unalingana na bei ya seti.