Kabla sijalipia kozi ya tatu

Jumapili, saa nne usiku. Kesho ndiyo mwisho wa kulipa ada ya kozi ya uandishi wa hadithi fupi: wiki 10, shilingi 250,000. Kwangu hiyo si pesa ndogo, na nimeshalipia kozi mbili ambazo hazikunifikisha popote. Kwa muda mrefu niliamini kasoro ni kipaji changu. Leo siamini hivyo tena.

Ya kwanza ilikuwa ya mtandaoni, video tupu, unajisomea kwa wakati wako. Mtu wa kazi za zamu au mwenye mtoto mchanga inaweza kumfaa sana. Mimi nilizitazama zote hadi ya mwisho, nikajaza daftari: mgogoro, kilele, nafsi ya msimulizi. Hadithi sikumaliza hata moja.

Ya pili ilikuwa warsha ya siku tano, ana kwa ana, kwa ule mtindo uliopata umaarufu kutoka Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako programu ya waandishi ilianza mwaka 1936. Wenzako wanaujadili muswada wako, na wewe umekaa papo hapo, hutakiwi kusema neno. Sababu yake naielewa na naiheshimu: msomaji akishanunua kitabu, hutakuwepo pembeni yake kumweleza ulichokusudia. Nilitoka na karatasi 11 za maoni. Siku iliyofuata ikawa zamu ya mwingine, na hadithi yangu haikusomwa tena na mtu yeyote. Iko kwenye droo mpaka leo.

Tena warsha yenyewe iliendeshwa kwa Kiingereza, ikabidi niitafsiri hadithi niliyoiwaza kwa Kiswahili. Kuna mahali shangazi anaamkiwa shikamoo na mpwa wake, anakaa kimya, haitikii. Ugomvi wote wa hadithi uko kwenye hiyo marahaba isiyotoka. Kwenye tafsiri ikawa mtu kasalimia tu, na mwenzake hakusikia. Nilitamani kusema, lakini zamu yangu ilikuwa ya kunyamaza. Iliniuma sana.

Mchana wa leo nilikuwa nakung'uta mkeka alionisukia marehemu bibi, Pangani, nikakumbuka alivyonifundisha kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka. Hakunieleza kitu. Alinipa miyaa (majani ya kusukia) aliyokwisha kuilowesha, akakaa kando yangu na ukili wake. Nikishasuka kama shibiri moja, anaupokea, anaupitisha vidoleni, anasimama mahali. "Hapa umeruka, mjukuu wangu." Anafumua mpaka pale pale, ananirudishia. Ukili uleule aliufumua hata mara nne kwa siku, wala hakunipa miyaa mipya mpaka ile ikae sawa. Sikumbuki kuona aibu. Nakumbuka vidole vyake.

Na nikifikiri vizuri, kila ninachokijua nimekijua hivyo. Hata mfumo wa hesabu kazini niliuelewa siku mwenzangu alipovuta kiti, nikakosea mbele yake, akaniacha nirudie. Kozi zote mbili zilinipa maarifa ya kweli. Hakuna hata moja iliyonirudishia kazi yangu mkononi niifumue.

Basi jioni nikamwandikia mwalimu wa hii kozi mpya. Sikumuuliza kuhusu cheti wala vitabu alivyochapisha. Nilimuuliza: nikiandika upya, mtausoma tena muswada uleule? Tutakuwa wangapi? Tutajadiliana kwa lugha gani? Nadhani haya ndiyo maswali yangu. Ya mwingine yatakuwa mengine. Rafiki yangu mmoja hawezi kuandika mbele za watu kabisa, zile video ndizo zilizomtoa.

Amenijibu kwa sauti, dakika tatu hivi, bila haraka. Watu 8. Kiswahili. Kila mmoja anakuja na hadithi moja tu na kubaki nayo wiki zote 10, nayo inasomwa mara tatu, kila mara ikiwa imeandikwa upya. Akaongeza kwamba wapo wanaochoka na kuomba kuanza nyingine, na yeye huwakatalia. Hapo nikairudia sauti yake kuisikiliza.

Zipo tuzo ninazozitamani, ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili na ile ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu iliyoanzishwa 2022. Sina cha kupeleka bado. Nataka kwanza hadithi moja iliyokaa sawa.

Nimetuma ada kwa simu, ujumbe wa muamala umeingia saa nne na dakika arobaini. Kisha nimeitoa hadithi ya shangazi kwenye droo, ile niliyoiandika kwanza kwa Kiswahili, nikaanza kuisoma kwa sauti ya chini nisimwamshe mtu. Aya ya pili ulimi umekwama. Nimeweka alama ya penseli pale.